Nenosiri la Sura ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Piip! Mlio mmoja, mfupi. Umenikaa kichwani tangu asubuhi. Nilikuwa bafuni, sabuni machoni, na kompyuta iko sebuleni, nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Kompyuta haijiwashi. Nilitoka na taulo. Nikamkuta wifi, mke wa kaka yangu, kajaa kwenye kiti changu, utepe wa kupimia shingoni, anaingiza vipimo vya wateja wake wa ushonaji. Wala hakushtuka. Akasema nikamalizie kuoga, yeye hana haraka.

Kaka aliinunua kompyuta kwa ajili ya "wote nyumbani". Kauli ya mtu asiyeandika chochote.

Baadaye nikaona sura ya tatu ya tasnifu yangu haipo mahali pake. Miezi saba ya kazi! Nikaikuta ndani ya folda mpya iitwayo "Vitu vya Wifi", kati ya picha za kola na orodha ya vifungo. Anasema alikuwa anafagia tu. Msimamizi wangu anaitaka sura hiyo Ijumaa saa nne kamili asubuhi, la sivyo sihitimu mwaka huu. Sina nakala nyingine. Leo imehamishwa, kesho itafutwa. Hii ni vita.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kijitabu kilichokuja na mashine. Chote, hata onyo la kutoimwagia maji. Kumbe nenosiri la kawaida ni pazia tu. Mlango wenyewe uko chini zaidi. Kuna nenosiri linaloulizwa mara umeme unapoingia, kabla mashine haijazinduka sawasawa. Na kuna la pili, linalolinda mipangilio ya ndani ili mjanja asiende kulifuta la kwanza. Nimeweka yote mawili, neno lilelile moja.

Neno lenyewe ni kazi ya sanaa. Si tarehe ya kuzaliwa, si jina la paka. Nimechukua herufi ya kwanza ya kila neno katika sentensi inayofungua sura ya tatu. Herufi kumi na tisa! Sikuliandika popote. Karatasi zina midomo.

Jioni wifi aliwasha. Piip, kisha kisanduku cheupe kinadai neno. Alijaribu mara tatu, mashine ikagoma. Akalalamika kuwa mteja wake wa gauni la kijani anakuja keshokutwa na vipimo vimo humo. Nilimjibu apime tena, binadamu hapungui kwa wiki moja. Akasema kumbe shule inafundisha na kiburi. Nikamwambia hilo ni somo la hiari.

Jumatano, 6 Machi
Janga.

Sentensi ile ya nenosiri nimeibadilisha mara kumi na moja tangu niianze sura. Nazikumbuka zote kumi na moja, ila si neno kwa neno. Sikumbuki ni ipi iliyokuwepo jana. Na pa kuangalia ni mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta.

Nimejaribu ile fupi. Nimejaribu yenye "aidha". Nimejaribu ile ambayo msimamizi aliiita ya kishairi, na hakuwa akiisifu. Kila nikikosea mara tatu mashine inaganda. Nazima, nawasha, piip, naanza upya. Wifi alikuwa mezani anakata kitambaa huku akihesabu milio kwa sauti. Alipofika arobaini akauliza, hivi tasnifu yangu inahusu nini? Anajua vizuri sana. Inahusu kumbukumbu.

Nilimwambia naupima ulinzi. Akaanza, mchimba kisima... Nikamwomba asimalizie.

Alhamisi, 7 Machi
Kaka anataka aitwe fundi. Nimekataa. Kumwita fundi ni kukiri kosa, na kosa liko wapi? Mlango umefungwa kama nilivyoufunga. Nilimpigia msimamizi kuomba siku mbili. Akauliza sababu. Nikasema ulinzi wa data umekuwa imara kupita matarajio. Akasema Ijumaa saa nne, binti yangu.

Mteja wa gauni la kijani alikuja. Wifi alimpima upya mbele yangu, anatangaza kiuno kama anasoma habari. Kimeongezeka inchi mbili. Mimi nilisema hapungui, na hakupungua.

Fundi ameitwa bila idhini yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi alifika saa mbili na nusu na bisibisi moja. Nilimweleza kwa kirefu ubora wa nenosiri langu. Alisikiliza kwa adabu huku akilegeza skrubu. Akachomoa kibetri cha duara, kama kifungo cha koti, kumbe ndicho kinachoitunzia mashine nenosiri na tarehe, akakiweka mezani, akaomba maji ya kunywa. Akanywa taratibu. Akakirudisha. Piip. Hakuna kilichoulizwa! Herufi kumi na tisa zimekufa kwa glasi moja ya maji.

Wifi alicheka mpaka akashikilia meza. Kisha akasema, "Pole, wifi yangu," na ubaya ni kwamba alimaanisha. Kompyuta sasa inaamini ni mwaka ule nilipokuwa darasa la saba. Naionea wivu.

Ilikuwa sentensi ya tisa, na neno moja nililolisahau. Nilituma sura saa tatu na dakika hamsini na nane. Mchana msimamizi akajibu: kazi nzuri, ila sentensi ya kwanza ni dhaifu. Niibadilishe, nilete na hitimisho Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kaka anasema funzo liko wazi: nitoe nakala, tugawane saa. Wifi ameshachora ratiba, asubuhi mimi, mchana yeye, na ameapa hatagusa kitu changu. Watu wema. Hawajaelewa chochote. Nenosiri halikushindwa! Kasha la kompyuta ndilo lililoshindwa. Ngome yote ile, halafu kibetri kinalindwa na skrubu mbili?

Nyuma ya kasha kuna pete ya chuma ya kupitishia kufuli. Basi asubuhi hii, wifi alipotoka kununua uzi, nimeweka nenosiri jipya, refu zaidi, na nimenunua kufuli zito. Funguo zake zilikuja mbili. Kabatini wifi angeziona, mkobani ningezipoteza, najijua. Nimezitia zote mbili kwenye bahasha, nikaibandika mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, ndani kabisa ya kasha. Kisha nikabana kufuli.