Barua Zote Zipitie kwa Mwenyekiti

Leo nimeadhirika. Na wa kumlaumu sina.

Mnaijua ile kompyuta ya chama chetu hapa Tottenham, inayopokea na kutuma email za wanachama. Msimamizi wake ni mimi (kwa kujitolea, hata nauli ya basi sipewi). Yenyewe hunitumia ripoti kila siku, kwa jina la "root", yaani msimamizi. Wiki iliyopita mwenyekiti, Mzee Khatibu, akasikia kuna barua zinaingia asizoziona. Akavimba.

"Barua zote za chama zipitie kwangu!"

"Mzee, hizi ni za mashine tu."

"Mashine ya nani? Si ya chama?"

Mtu mwingine ningembishia. Lakini Mzee Khatibu ndiye babake Salma, na Jumapili hii mjomba wangu anakwenda kuniposea. Nikazielekeza barua zote za msimamizi kwenye akaunti yake, akaunti ya kawaida kabisa anayosomea salamu za Unguja.

Basi hapo simu hazikuisha! "Huyu Root mtoto wa nani? Kila siku ananambia diski inajaa. Salamu hana?" (Nikamweleza. Akasema hata mashine ifunzwe adabu.)

Leo mchana nikachoka. Nikiwa hapo hapo ofisini, nikamwandikia rafiki yangu Hamadi wa Thamesmead, niteme nyongo. Nikaandika: Salma nampenda, lakini baba yake mtihani! Nadhani hata mvua ya London anataka ipitie kwake kwanza ndipo inyeshe. Nikatuma bila kukagua anwani. Kumbe nimeruka herufi moja.

Barua ikakosa mwenyewe, ikarudi. Na barua ikirudi, nakala huenda kwa msimamizi. (Nilipanga hivyo mimi, nikajiona fundi.) Na barua za msimamizi siku hizi anasoma nani?

Mzee alikuwa chumba cha pili, anasoma barua zake. Kisha nikasikia printa inanguruma. Mungu wangu!

Mzee akaingia, miwani puani, karatasi mkononi. Akaisoma yote kwa sauti, mbele ya mjomba aliyepita kunywa chai. Mjomba akabaki kutazama kikombe.

"Anwani umekosea," Mzee akasema. "Nishairekebisha, nimempelekea Hamadi."

"Shikamoo, Mzee," nikajibu. (Ndilo neno pekee lililonijia!)

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Jumapili njooni. Mvua nitaizuia."

Mnaotaka kunicheka, nipigieni simu. Mkiandika, kagueni anwani vizuri. Ikirudi, anayeisoma mnamjua.