Kuufungua Msitu wa Ilembogo

Hotuba ya Ndugu Anania Asukile, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Miti, Mvua na Hali ya Hewa kwa Jumla, aliyoitoa katika kijiji cha Ilembogo, bonde la Usangu, mwezi wa Oktoba 1975. Yaliyo kwenye mabano ni ya karani wa mkutano, ambaye aliagizwa aandike kila kitu, naye akatii.

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Katibu Kata, Ndugu Silvester, Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye namwona amesimama juani kwa ari kubwa, Bwana Misitu wetu, Ndugu Andendekisye, Bwana Mifugo, Bwana Shamba, Bwana Afya, ambaye hakufika kwa sababu za kiafya, mabalozi wote wa nyumba kumi kumi, kina mama wa kamati ya supu, Bwana Kantilal, mwenye duka kutoka Uyole, aliyetuazima lori lake la mpunga pamoja na turubai hili linalonipa kivuli, ndugu zetu wenyeji wa bonde hili, ndugu zetu wafugaji mliotoka kaskazini na ng'ombe wenu bila kualikwa, na ninyi wengine wote ambao muda hauniruhusu kuwataja, ingawa muda ninao: nawasalimuni nyote kwa jina la Madaraka Mikoani. (Makofi. Silvester anaonyesha kwa mkono kwamba bado yanahitajika. Makofi tena.)

Ndugu wananchi, nimetumwa kwenu na serikali mpya ya mkoa, na ninaposema mpya sina maana ya watu, watu ni wale wale, nina maana ya mihuri na magari. Chini ya utaratibu wa zamani mvua ilikuwa ikinyesha ovyo ovyo bila plani yoyote, mara Mbeya, mara Iringa, mara juu ya mlima ambao hauna hata balozi mmoja. Tangu madaraka yaletwe mikoani, mvua nayo imewekwa chini ya ofisi yangu, na ndiyo maana mwaka huu haijaonekana, kwa sababu hakuna kitu kinachotoka ofisini kwangu bila kufuata taratibu. (Kicheko upande wa nyuma. Mgeni rasmi anakitazama kicheko hicho mpaka kinakoma chenyewe.)

Lakini hatukukaa bure. Mto ulipopungua mpaka mbuzi wakawa wanauvuka bila kulowa magoti, ofisi yangu iliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikafanya semina pale Uyole, ambako tulikula na kujadiliana kwa kina suala zima la ekolojia, stratejia na posho, tukatoka na ripoti ya awali, nzito kiasi kwamba ilibebwa na watu wawili. Ripoti hiyo, ambayo nimeisoma jalada lake lote, imethibitisha kitaalamu kwamba ukame huu umeletwa na mambo matatu: upepo, kuni za kina mama, na ng'ombe wa Mzee Shija. (Watu wanageuka. Mzee Shija, mfugaji ambaye boma lake liko ng'ambo ya shule, amesimama nyuma kabisa akiegemea fimbo.)

(Mama Kalista, balozi wa nyumba kumi: "Samahani, ndugu mgeni. Na yale malori ya magogo yanayopita hapa kila siku na muhuri wa ofisi yako, hayakuonekana kwenye ripoti?")

Mama, nakushukuru kwa mchango wako, na siku nyingine uutoe kwa maandishi. Magogo yale si miti. Mti ni kile kitu kilichosimama. Kikishalala juu ya lori hayo ni maendeleo, nayo yako kwenye idara nyingine. (Katibu Tarafa anakohoa.) Tuendelee.

Ndugu wananchi, geuzeni macho yenu. Kuanzia kwenye kamba ile mpaka kwenye choo cha shule mnauona Msitu wa Mapinduzi ya Hali ya Hewa, projekti ya kwanza ya pailoti, yaani ya majaribio, katika kanda nzima, miti ambayo juzi haikuwepo na leo inampita Katibu Kata kwa urefu. Nawauliza, ni mkoloni gani aliyewahi kuotesha msitu kwa mchana mmoja? Mjerumani alishindwa. Mwingereza aliomba apewe miaka thelathini, tukamnyima. Ofisi yangu imetumia mchana mmoja, tena na chakula cha mchana kikiwemo ndani yake, na kati ya miti yote iliyopandwa, iliyostawi ni asilimia mia moja na nne. (Ndugu Andendekisye, Bwana Misitu, anatazama viatu vyake.) Msishtushwe na hiyo nne. Hiyo ni ile tunayoitarajia.

(Ng'ombe mwekundu anapita chini ya kamba, anakwenda moja kwa moja kwenye mti wa kwanza na kuanza kula majani. Anauvuta. Mti unang'oka wote. Mwisho wake wa chini umekatwa kwa shoka, bado mbichi. Watu wanasimama ili waone.)

Kaeni. Kaeni, nasema. Ndugu wananchi, ng'ombe huyu ametusaidia, kwa sababu nilikuwa nafika huko huko. Mti huu, kama mlivyoona, hauna mizizi. Hilo si kosa, hiyo ndiyo teknolojia yenyewe. Mizizi ni kitu gani? Mizizi ni kitu kinachojificha chini ya ardhi na kunyonya maji ya wananchi usiku na mchana pasipo mtu kukiona. Sisi tumekataa unyonyaji wa kila namna, wa juu na wa chini, na sikuona sababu ya kuuruhusu kwenye msitu wa umma. (Makofi ya Katibu Kata, peke yake.)

(Mzee Shija: "Bwana mkubwa, huyo ng'ombe msimpige. Hana makosa. Hiyo migunga anaijua, ni ya kwenye ngitili yangu.")

Mwenyekiti, huyu amepewa nafasi na nani? Haya, kwa kuwa serikali hii ni sikivu, nitamjibu. Ni kweli. Nilipofanya ukaguzi niliona kwa macho yangu mwenyewe, nyuma ya boma la mzee huyu, eneo limezungushiwa ua wa minyaa, ndani yake majani yanafika kiunoni, migunga imefungamana, ndege wanaimba bila kibali, na huku nje ng'ombe wake mwenyewe unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa ndani ya gari. Nikamwuliza Ndugu Andendekisye, hiki ni kitu gani? Akaniambia hiyo ndiyo ngitili, mila ya kwao: mvua zikianza mtu anafunga kipande cha malisho, hakiguswi na mnyama yeyote, hata wa kwake, mpaka kiangazi kiwe kikali. Ndugu wananchi, mimi nimesoma mpaka ng'ambo, lakini ubepari wa majani ndiyo kwanza nilikuwa nauona. Malisho yapo, ng'ombe wapo, na mtu amekaa katikati anatazama tu! Nikaagiza pori hilo lililokaa bure litumike mara moja kwa manufaa ya wote.

(Mzee Shija: "Halikukaa bure. Tulikuwa tunalingoja. Wiki hii ndiyo tungefungua, waingie ndama na mama zao, wavuke nalo mpaka mvua. Sasa mmekata migunga, lori limegeuzia kwenye majani, minyaa imelala chini. Hao ndama nitawapa nini?")

Swali zuri sana, na jibu lake ni jepesi: hutawapa kitu, kwa sababu hutakuwepo. Kamati imeazimia kwamba mfugaji anayeharibu mazingira aondoke bondeni, na wewe, Mzee Shija, kwa upande wa mazingira yaliyoharibika katika kijiji hiki, umeonekana wa kwanza. Nendeni mkaangalie nyuma ya boma lake kama mnabisha. Pamekuwa jangwa tangu jana. (Manung'uniko.) Tusiongozwe na hasira, tuongozwe na haki, na haki ya hali ya hewa ndiyo hii: mzigo ni wetu sote, mwenye cheo anaubeba kwa mdomo, na asiye na cheo anaubeba kwa mgongo.

(Mama Kalista: "Chemchemi yetu iko ndani ya hiyo ngitili. Mwaka jana visima vyote vilikauka, pale hapakukauka. Kijiji kizima tulichota kwa huyu mzee, hakutufukuza. Leo asubuhi nimekuta tope. Mimi hilo limeniuma, ndugu mgeni, na nalisema mbele ya watu." Watu: "Kweli.")

Chemchemi imo katika awamu ya pili. Awamu ya pili itaandaliwa baada ya kukamilika kwa awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza, ndugu wananchi, ndiyo hii ninayoimalizia sasa, maana naona harufu ya supu imeanza kunipinga.

Kwa hiyo niwashukuru waliofanikisha siku hii. Namshukuru Ndugu Silvester, aliyesimamia matawi yakatwe na yachomekwe kwa mstari ulionyooka, akayamwagia maji kidogo ili yang'ae. Namshukuru Ndugu Andendekisye, aliyenishauri kitaalamu kwamba mgunga hauoti kwa kuchomeka tawi, na ambaye kwa ushauri huo nampongeza kwa uhamisho wa kwenda Makongolosi, kwenye migodi, ambako hatasumbuliwa na mti hata mmoja. Na namshukuru kwa namna ya pekee Bwana Kantilal kwa lori lake, ambalo bado tunalihitaji. Maana sasa, mkishatawanyika, nawaomba muing'oe miti taratibu, msikwanyue majani, mpakie yote kwenye lori, kwa sababu kesho saa nne msitu huu unafunguliwa upande wa Iringa, na keshokutwa unafunguliwa mbele zaidi, kama majani yatavumilia. Msisikitike. Vijiji vilivyopangiwa msitu ni vingi, na msitu ni mmoja. Kugawana kidogo tulicho nacho ndiyo siasa yetu. (Bwana Kantilal anauliza kama turubai nalo linakwenda Iringa. Linakwenda.)

Nawe Mzee Shija, serikali haikutupi. Utapanda nyuma ya lori hilo hilo. Utaishika miti isidondoke njiani, kwa kuwa umezoea kuitunza. Ng'ombe watakufuata kwa miguu. Na tukifika kule, mimi nikikata utepe, upige makofi kwa mshangao, kama mtu anayeuona msitu huo kwa mara ya kwanza.

(Mzee Shija anakwenda kwenye kamba, anaifungua upande mmoja. Mama Kalista anaweka chini mwiko wa kamati ya supu na kuifungua kamba hiyo upande wa pili. Mzee anapiga mluzi kuelekea bomani kwake.)

Naona wananchi wameanza utekelezaji kabla sijamaliza, na hiyo ndiyo ari tunayoitaka. Basi tumalizie kwa msimamo wetu. Mti ni! (Silvester: "Uhai.") Mvua itanyesha! (Hakuna anayejibu. Ng'ombe wanaingia, wakubwa kwa ndama, wameshaanza mstari wa pili.) Mvua itanyesha kwa! (Silvester anasema hajaambiwa jibu la hiyo.) Kwa utaratibu! Asanteni kwa kunisikiliza, asanteni kwa moyo wenu, asanteni kwa... Nani amewafungulia hao ng'ombe? Mwenyekiti! Huo ni msitu wa kesho huo! Dereva, piga honi! (Honi. Ndama mmoja anainua kichwa, kisha anaendelea kula. Wananchi wanapiga makofi, safari hii bila kuonyeshwa kwa mkono.)

Karani, acha kuandika. Au andika kwamba wananchi wa Ilembogo waliupokea msitu vizuri sana.

(Nimeandika. Msitu uliliwa wote kabla supu haijaiva, na lori liliondoka na turubai tu. Mzee Shija hakupanda. Hapakuwa na miti ya kushika.)