Mita Tatu Kumfikia Mjomba

Leo nimejidhalilisha mbele ya ukoo mzima. Nawasimulia mwenyewe kabla Shangazi hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi. (Na kwa bahati mbaya kisa kimekolea hata bila chumvi.)

Mdogo wangu Festo anataka kuoa. Binti ni Theresia, Mluguru wa milimani huko juu ya Bigwa, hapa hapa Morogoro. Kwa Waluguru, baba wa binti atakukaribisha vizuri tu, lakini neno la mwisho analo mjomba. Na mjomba huyu, ambaye hatujawahi kumwona, alishatuma salamu: barua ya posa imfikie leo Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi. Atakayechelewa asijisumbue kuja. Festo hajalala siku mbili.

Msemaji wa msafara, mimi. Kiongozi wa njia, mimi pia, kwa sababu nina GPS. Si ya kwenye simu! GPS yenyewe, ile ya kushika mkononi, ya ofisini kwetu, tunayopimia mipaka ya misitu.

"Kaka," Festo akasema asubuhi, "Theresia kanitumia lokesheni kwenye simu. Si tufuate hiyo hiyo?"

"Simu ni ya kutafutia chipsi mjini. Ukianza kupanda tu, mtandao unakata. Hii inaongea na satelaiti moja kwa moja."

Shangazi akauliza, "Kwani siku hizi watu wa njiani hawaulizwi?"

Swali la kizamani. Nililiacha lipite. Nikanakili tarakimu za lokesheni kutoka simu ya Festo, nikaziingiza kwenye kifaa changu moja moja. Chini yake Theresia alikuwa ameandika, "Wajomba watawasubiri nje." Nikaona hayo ni maelezo ya ziada.

Gari lilitufikisha mwisho wa barabara, tukaanza kupanda kwa miguu. Kona ya pili tu, simu ya Festo ikapoteza mtandao na ramani ikaganda. Nilifurahi jamani! Kifaa changu kikawa kinahesabu taratibu: mita mia tisa, mia nane na hamsini. Niwaambie ukweli, nimekitumia miaka na bado kinanishangaza. Kuna vitu vinaelea huko juu visivyoonekana, na vinajua nimesimama katikati ya maharage ya watu.

Saa tatu na robo tukapita nyumba moja ya bati. Ua umefagiliwa, viti vimepangwa, watu kama ishirini wamesimama na nguo zao za kanisani. Walipotuona, akina mama wakapiga vigelegele.

"Watu wa huku wanavyopenda wageni!" nikasema. Nikawapungia mkono (kama mbunge). Nikapaza sauti, "Shikamooni!" Wakaitikia, "Marahaba!" Mzee mmoja mwenye koti la kahawia akatuonyesha viti.

"Kaka, nadhani wanatuita."

Nikatazama kifaa. "Bado mita mia sita. Hao wana shughuli yao."

Tukapita. Vigelegele vilikatika katikati. Nilisikia, sikutilia maanani.

Mita mia sita za mlimani si za uwanja wa mpira. Shangazi alivua viatu. Tai yangu ililowa jasho. Kila nikigeuka nyuma namwona mzee wa koti la kahawia anapanda, anapunga mkono, hana haraka. "Sijui anauza nini yule," nikamwambia Festo.

Kisha ukungu ukafunguka. Jamani! Mabati ya mji wote yalikuwa chini ya miguu yangu, na barabara ya Dar ilikuwa uzi tu unaopotelea upande wa Kingolwira. Nimekaa Morogoro miaka kumi na moja nikiitazama milima hii kutoka chini, sikujua kumbe na yenyewe inatutazama hivi. Nikasahau hata kutazama kifaa. Mimi!

Kifaa kikalia. Mita tatu. Nikainua kichwa nione nyumba.

Jiwe. Jiwe kubwa jeusi, tupu, na juu yake jamaa mmoja anazungumza kwenye simu. Simu ya Festo nayo ikaanza kulia mfululizo, ujumbe unaingia.

Mwenye akili angeuliza. Mimi nilitazama saa: saa nne kasoro dakika nne. Nikamtazama Festo, midomo imemkauka. Nikapiga magoti, nikatoa barua kwa mikono miwili, nikamwaga hotuba niliyoifanyia mazoezi wiki nzima.

"Mjomba wetu, tumeona ua zuri katika boma lako, tumekuja kuomba ruhusa ya kulichuma..."

Jamaa akatoa simu sikioni. "Ua gani? Mimi nalima kabichi."

"Hapa si kwa mjomba?"

"Hapa si kwa mtu. Huko chini kwetu simu hazishiki. Tukitaka kupiga au kutuma kitu, wote tunapanda hapa."

Hata Theresia. Lokesheni aliituma akiwa amesimama juu ya jiwe hili. Kifaa changu hakikukosea hata hatua moja!

Nyuma yangu mtu akakohoa. Koti la kahawia. Hahemi hata kidogo, sisi tunapumua kwa mdomo.

"Endelea, ulikuwa unasema vizuri," akasema. "Mjomba wa Theresia ni mimi."

"Shikamoo, mjomba." Nilikuwa bado nimepiga magoti, na mgongo ndio uliomwelekea.

"Marahaba. Tuliwapigia vigelegele, mkatupungia."

Akamwambia yule jamaa maneno ya Kiluguru, jamaa akacheka mpaka akakaa chini. Shangazi naye akacheka, na Kiluguru hajui hata neno.

Mjomba akaomba kifaa, akakigeuzageuza kwa heshima kabisa. "Kimewaleta mpaka hapa bila kuuliza mtu?"

"Bila kuuliza, mjomba."

"Kweli hiki ni kiboko." Akakitia mfukoni mwa koti. "Barua naipokea, saa nne haijafika. Jibu mtalifuata nyumbani kwangu Jumamosi ijayo. Hiki kinabaki kwangu, na simu mziache mjini. Mtakuja kwa kuuliza."

Festo sasa hivi anakoroma. Mimi ndiye nisiye na usingizi, maana Jumatatu nina msitu wa kupima na bosi lazima ataulizia kifaa.

Kwa mlioko Bigwa: Jumamosi mkimwona mwanamume mwenye tai anawauliza njia, nawaomba mnielekeze kwanza. Mcheke nikishapita.