Mtoto Analilia Jina

Jumatatu, 4 Machi 1985. Makoko, Musoma.
Mtoto analia tangu jana. Halali, hanyonyi. Ana miezi mitano tu, sauti ya polisi! Jina la ubatizo, Alfonce, halina ubishi. Vita iko kwenye jina la ukoo. Kila mtu hapa anajua mtoto akilia hivi kuna marehemu anadai jina lake. Marehemu wa nani? Mama mkwe, bibi Gati, amekuja kutoka Butiama kumsaidia mke wangu Boke. Amenitumia ujumbe kupitia kwa Boke kwamba anayedai ni baba yake mzazi, marehemu Wambura. Ujumbe, kwa sababu mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Yeye yuko chumbani na mtoto, mimi niko sebuleni kama mgeni. Anamfanya nini huko ndani? Nahisi anamfinya.

Jumanne, 5 Machi.
Nimepata dawa yao. Baba mdogo Nathanieli yuko Bunda. Tangu serikali iruhusu watu kuleta bidhaa za nje, duka lake limejaa sabuni, wakati sisi tunafulia majani ya mpapai. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa Burito. Mtoto akiitwa Burito, baba mdogo atalazimika kumwita baba. Nani anamwachaga baba yake bila sabuni? Nimemtuma utingo wa basi la Bunda akamwambie: baba yako amerudi, yuko Makoko, njoo umwone.

Jumatano, 6 Machi.
Leo tumemwita majina, lile atakalonyamazia ndilo lake. Mimi niliita kupitia ukutani. Nilimpanga Boke: nikisema Burito, amlambishe sukari, ile ya mwisho kabisa. Akaitema! Akalia zaidi. Mama mkwe akasema Wambura, mtoto akanyamaza. Alikuwa anakohoa! Eti imehesabiwa. Wezi wakubwa. Boke akasema mtoto ana joto kali na anavuta sikio la kushoto, apelekwe hospitali. Nikamwambia hospitali haitibu majina, tumsubiri baba mdogo. Aliniangalia vibaya.

Ijumaa, 8 Machi.
Sikio limetoa usaha. Boke na mama yake wameondoka na mtoto bila kuniaga. Nimewafuata kwa mbali, heshima ya mkwe, nikajificha kidogo nyuma ya miti. Huko hospitali nesi Selestina alinifokea mbele za watu: kwa nini mmengoja? Kabla ya hapo alimwamkia mama mkwe shikamoo, mimi akaniruka. Ukoo mmoja hao, nitachunguza.

Akasema mengi. Kwamba ubongo wa mtoto mchanga bado unajengwa. Kwamba humo mna chembechembe ambazo ni walinzi na mafundi kwa pamoja: huku zinasaidia kuunganisha nyuzi za fahamu, kule zinapunguza zilizozidi. Ugonjwa ukileta homa na uvimbe mwilini kwa muda, zinaweza kuacha ufundi, zikashika marungu, zikaharibu hata palipokuwa panajengwa. Hilo nimelielewa vizuri. Nilikuwaga mgambo. Tukishapandwa na hasira tulikuwa tunampiga hata aliyetuita.

Nikauliza kama walinzi hao wanasikiliza jina. Akanigeuzia mgongo, akavuta dawa kwenye bomba. Mgongo huo nautilia shaka. Akamchoma mtoto sindano, akataka aletwe kila siku achomwe nyingine. Alipouliza jina, mama mkwe akawahi: Wambura! Uhuni mtupu!

Jumapili, 10 Machi.
Mtoto halii. Ndicho nilichotaka, lakini kimya hiki sikukipenda. Nilisimama mlangoni. Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga, akatoka, akaniachia chumba. Hajawahi. Nikampakata mtoto. Kichwa cha moto kama sufuria, macho hayanitafuti. Nasema kweli, niliogopa. Nikamwita mwanangu, mwanangu, bila jina lolote.

Baadaye nikajiuliza kwa nini mama mkwe alitoka. Anataka nini?

Jumatano, 13 Machi.
Homa imeshuka! Mtoto kanyonya mpaka kacheua. Na baba mdogo kaingia saa hiyohiyo kutoka Bunda, na katoni ya sabuni! Akapiga magoti, akasema shikamoo baba. Mtoto akacheka. Nikasema mmeona, ni jina. Boke akasema ni sindano. Wivu. Halafu mama mkwe akaichukua katoni akaiweka chumbani kwake, mahali ambapo mimi siruhusiwi kukanyaga. Kumbe alikuwa amepiga hesabu tangu mwanzo!

Jumatatu, 18 Machi.
Tumerudi kwa Selestina. Akagonga kijiko kwenye kikombe upande wa kulia, mtoto akageuka. Akagonga kushoto. Mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha shati langu. Akagonga kwa nguvu. Kifungo tu. Akasema labda sikio bado halijapona, labda limeumia kabisa. Ubongo nao hauonekani leo, tutajua akianza kukaa, akianza kuongea. Tumlete kila mwezi. Na homa ikipanda tena tusimsubiri mtu yeyote.

Boke alilia njia nzima. Nani kamwambia alie? Mimi nilikuwa nafikiri. Mama mkwe anampakataga mtoto akimnong'oneza kwenye sikio hilohilo la kushoto, Wambura, Wambura, siku zote hizi. Na mtoto hajasikia hata moja! Burito ameshinda!

Jioni joto limepanda tena, na kilio. Boke akashika khanga. Nikamwambia atulie, kwanza tumwite Burito vizuri, upande wa kushoto, kwa sauti kubwa zaidi. Nimeita kupitia ukutani mpaka koo limekauka. Kilio kikakoma. Nikafurahi, nikabisha mlango kwa heshima. Kimya. Nimezunguka nyuma: mlango wa uani uko wazi, Boke hayupo, mtoto hayupo, mama mkwe hayupo.

Wanapanga jambo hao.