Mchango wa Shemeji na Fremu Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Na kingine nilichosahau kuandika jana ni namna anavyokunja taulo. Mara tatu, kisha analipigapiga kama mtoto anayebembelezwa. Wiki ya tano ya ndoa na bado nasimama mlangoni kumtazama. Mke wangu. Naandika tena, maana kalamu yenyewe inafurahi: mke wangu.

Sasa habari za jana. Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu wa kidato cha tatu tunayemwita Profesa, amechaguliwa kwenda kambi ya hisabati ya likizo. Wiki tatu. Wanafunzi arobaini tu kutoka shule zote. Masomo ni bure, ila malazi, chakula na nauli ni juu ya familia, na vilipwe kabla ya saa kumi jioni, Jumatano ya wiki ijayo. La sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama mkwe anashona sare za shule. Akaisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la vifungo. Profesa akasema si neno, hata mwaka ujao kambi itakuwepo. Alisema huku anatazama sahani.

Basi mdomo wangu ukatangulia. Nikasema hilo niachieni mimi, mtaa mzima utachanga. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza. Kwa mbano ule ningeahidi kujenga chuo kikuu.

Mwanyumba wangu, kinyozi aliyemwoa dada yao mkubwa, akakohoa. Yeye, alisema, ataweka kopo lake pale kinyozini, basi. Kisha akaniuliza: bwana harusi, wewe fundi fremu, picha yenu ya harusi mbona mpaka leo imebandikwa ukutani kwa gundi? Wote wakacheka, hata mama mkwe. Atanijua.

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza: barua. Nimemwandikia tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi. Kurasa tatu. Nilitaka aelewe familia inayoomba ni ya namna gani, kwa hiyo nikaanza na siku niliyomwona mke wangu kwenye dirisha la mapokezi la kliniki ya meno, mimi shavu limevimba kama andazi, yeye akiniuliza jina kwa sauti ile. Profesa aliingia ukurasa wa tatu, mistari minne ya mwisho.

Tajiri hakufika ukurasa wa tatu. Alifuta macho, akanipa mkono, akasema vijana wa leo hawapendani hivi. Akanizawadia ndoo mbili zenye vifuniko, za kuanzia maisha.

Mke wangu amezifurahia ndoo. Akizibeba, hata ndoo zinapendeza.

Mwanyumba ametuma salamu kwamba kopo lake limeanza kulia likitikiswa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua kosa la Jumanne. Maneno mengi. Watu hawasomi, watu wanatazama. Wataonyeshwa picha.

Nimeipeleka picha ya Profesa ya kitambulisho cha shule ikakuzwa. Hakutabasamu, lakini macho yana akili. Mzee mwenye karakana yetu amenipa mbao za fremu zilizobaki bila malipo, mradi nichukue zile nyeusi, maana ndizo anazonunua kwa wingi. Nimekata pembe vizuri kuliko siku zote. Fremu tano, vioo vinang'aa. Chini ya kila moja nimepigilia kisanduku chenye tundu, na kwenye kona nimefunga kipande cha ule utepe mweupe wa gari la harusi, ili mapenzi yetu nayo yachangie. Kadi nimeibana kabisa: "Binti yetu mpendwa. Tumchangie. Mungu awalipe." Ya kambi sikuyaandika. Kadi ni ndogo, na nimekwishajifunza kutosema sana.

Nimezisambaza: bucha, duka la mikate, duka la dawa, kwa fundi viatu, na kwenye ukumbi wa kliniki moja iliyo mbali na ya mke wangu, nataka iwe siri mpaka mwisho. Nimemwambia tu kwamba kazi inaendelea. Akasema ananiamini. Nilishindwa kula.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikujua mtaa huu unaipenda elimu kiasi hiki.

Visanduku vizito. Mwenye bucha, mtu ambaye hajapata kumpunguzia mteja hata mfupa, alivua kofia mbele ya picha kabla ya kutumbukiza noti. Mke wa mwenye duka la dawa alilia. Nikamwambia asilie, mtoto mwenyewe alikuwa anaisubiri kwa hamu siku hii. Akalia zaidi.

Kwenye duka la mikate bibi mmoja jirani yake mama mkwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Jikaze, baba. Nikasema nimejikaza, bibi, safari ni ndefu lakini atafika. Akasema ndiyo, na sisi sote tutamfuata, ni suala la zamu tu. Nikamwambia kambi haipokei watu wazima. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nikapumzike.

Nimerudi nyumbani naelea. Nimemwimbia mke wangu akiwa anasuka nywele. Kesho tunafungua visanduku kwa mama mkwe, mbele ya mwanyumba. Nataka nimwone uso.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi. Mimi na mke wangu tunafika kwa mama mkwe, visanduku kwapani. Nje kuna wanawake kumi na wawili, wana khanga begani na mikeka mikononi. Mwoka mikate ameshusha mikate arobaini. Mwenye bucha yupo, kavaa shati jeupe. Nikafurahi, nikadhani wamekuja kumuaga Profesa.

Yule bibi akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua ni Profesa mwenyewe, kalamu sikioni, akawaamkia shikamooni. Bibi akapiga ukelele na kukalia mikate. Wengine walirudi nyuma kwa pamoja hata uzio ukalala chini.

Mama mkwe akatoka na futi ya kupimia shingoni, akauliza nani amekufa. Mmoja baada ya mwingine wakageuka kunitazama mimi na visanduku vyangu.

Mke wangu akaichukua fremu moja, akaiangalia muda mrefu. Akaniuliza taratibu: mume wangu, hivi kule kazini fremu nyeusi huwa mnawafungia kina nani?

Nikasema wafiwa.

Nikajisikia nikilitamka neno lenyewe.

Mwanyumba alikuwa anashuka baiskeli. Alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea ukuta, akateremka nao hadi chini.

Mama mkwe hakucheka. Amesema zile ni rambirambi, na mwanawe hatasoma kwa rambirambi yake mwenyewe angali anapumua. Zirudi, zote. Profesa aliingia ndani akafunga mlango wa chumba. Mlango huo ndio ulioniuma. Siku nne zimebaki na sasa tuna pungufu kuliko tulivyoanza, ukiacha zile ndoo.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana nilijificha ndani siku nzima. Mke wangu aliniletea chai kitandani, akaniambia nina moyo mzuri, ni kichwa tu kinachokimbia mbele ya moyo. Nimeinakili sentensi hiyo. Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.

Leo Profesa amekuja mwenyewe. Akauliza orodha ya waliotoa iko wapi. Hakuna orodha, shemeji, ni visanduku. Akavuta pumzi kama mwalimu. Basi tutapita kila duka, tuwaulize wenyewe, kila mtu atataja chake. Nikasema nitawahutubia. Akasema, shemeji, nakuomba, wewe beba tu.

Nikabeba.

Mwoka mikate alikataa katakata kupokea. Alichotoa kimetoka, na afadhali kumchangia anayekwenda na kurudi. Bibi alimpapasa Profesa mashavu, akasema maisha yake yote hajatapeliwa akafurahi namna ile. Mke wa mwenye duka la dawa alidai chake, akakihesabu, akakirudisha kwenye pochi, akampa Profesa kalamu mbili. Fundi viatu alisema hata hakutazama picha, alidhani ni ya diwani.

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa mgumu. Alitoa kwa marehemu, alisema, na marehemu hayupo. Na hizo hisabati za kambini, zinapikwa? Profesa alikuwa anasoma ubao wa bei nyuma yake. Kisha akamwambia kwa adabu: mjomba, bei yako ya kilo moja na nusu iko chini ya bei ya kilo moja na ya nusu kilo ukizijumlisha. Kila anayenunua kilo na nusu unamzawadia kipande. Ubao huu una muda gani?

Miaka sita.

Mwenye bucha akachukua kitambaa, akaufuta ubao taratibu. Akatutazama kama tumetoka kumzika mtu kweli. Akasema zilizomo zibaki, na akaongeza nyingine juu. Nje, Profesa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mama mkwe amekubali, maana sasa zimetolewa upya kwa mtu aliye hai.

Lakini bado hazitoshi.

Jumatano, 13 Agosti

Saa sita mchana, mwanyumba akaingia kwa mama mkwe na kopo. Si lile dogo, bali kopo kubwa lililokuwa la rangi ya mafuta, limejaa mpaka mdomoni. Tangu Jumamosi amekuwa akisimulia msiba wetu kinyozini, anaigiza bibi, anaigiza mikate, na zaidi ananiigiza mimi. Anafika mlango unapofunguliwa, ananyamaza, anatikisa kopo. Asiyetoa haambiwi mwisho. Wamekuja hata wenye upara.

Saa nane na nusu mama mkwe alikuwa na risiti mkononi. Profesa aliishika, akaisoma pande zote mbili, akatoka nje kulia peke yake kidogo. Alimkumbatia mwanyumba. Alinikumbatia na mimi, wa pili.

Nilinuna njia nzima. Mke wangu akaniambia bila wewe angesimulia nini? Kweli. Kinyozi alikuwa mdomo tu. Msingi ni mimi. Nampenda mwanamke huyu.

Jumapili, 17 Agosti

Tumemsindikiza Profesa stendi. Begi moja, kalamu mbili mpya, mikate minne. Alimuaga mama yake kwanza, kisha akanivuta pembeni. Akasema asante, shemeji, najua ulitaka nifike. Ana ombi moja tu: akichaguliwa tena mwakani, nisisaidie. Maskini, uchungu wa kuondoka ulishamchanganya.

Basi lilipokata kona niliisoma karatasi ya masharti ya kambi. Wanafunzi hawatembelewi kwa wiki zote tatu. Sharti zuri. Limeandikwa kwa ajili ya zile familia za fujo.

Nimekwishazungumza na mwenye basi dogo. Linachukua watu kumi na wanane. Mama mkwe akae mbele, bibi dirishani, mwoka mikate, mwenye bucha, na nafasi ya wimbo wa kumshtukiza mtoto akiwa darasani. Mwanyumba tutamwarifu tukisharudi. Gharama si tatizo, nina wazo dogo, safari hii halina kasoro, namngoja tu mke wangu aamke nimweleze. Amelala usingizi wa mchana, kiganja chini ya shavu. Akiamka atanibana mkono, najua.

Jikaze, shemeji. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona getini, wote kumi na wanane.