Kinyume cha Mara Tatu

Mwiko uligonga beseni, ko, ko, majogoo wa mji wa Baraka wakiwa bado wamelala. Mama Godelieve alikuwa akikanda unga wa mandazi barazani. Kulipopambazuka, wateja wake wa kila siku walikuwa wamekwisha kujaza benchi: Suzanne, waliyemwita Redio, na Papa Albert, waliyemwita Prefe, yaani mkuu wa shule, kwa kuwa alilinda lango la shule miaka ishirini.

"Mumesikia?" Redio akaanza kabla ya kuketi. "Leo bantu bazima ba kituo cha kusoma banafanya egzame ya aljebra!"

Macho yote yakamgeukia mmoja wa wanafunzi hao, aliyeketi mwishoni mwa benchi: Fabien, mvuvi wa ndagala, jina la kijiweni Kapitene. Mfuko wake wa safari ulikuwa miguuni.

"Mi naenda ngambo, Ubwari," akasema. "Mutumbwi unatoka saa mbili."

"Na egzame iko saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Yoo! Muntu anazoea mawimbi, anakimbia karatasi!"

"Haiko karatasi, Redio. Iko kinyume. Kinyume cha mara tatu iko nini? Mi naandika toa tatu, mwalimu anachora musalaba mwekundu."

"Hata mbuzi ya pale langoni ilijua hiyo," Prefe akasema.

"Basi sema, Papa Prefe!"

Prefe akakohoa, akatazama ziwa.

Godelieve akafuta mikono. "Kapitene, siku ya kawaida mi nakanda vikombe viwili vya unga. Wageni wakija, mara tatu: sita. Wakienda, nikitoa vitatu?"

"Vinabaki vitatu. Vimezidi."

"Sasa?"

"Unagawa kwa tatu." Fabien akahesabu kwa vidole. "Mara tatu, kisha theluthi yake... inarudi mara moja. Unga wa kila siku!"

"Ndiyo. Moja ndiyo nyumbani kwa kuzidisha, haigeuzi kitu. Kinyume ni njia ya kurudi pale."

"Na ukikanda mara sufuri?"

"Tunalala njaa," Redio akadakia, "na hakuna kinyume ya kutufufua!"

Katikati ya kicheko, Godelieve alimwona Prefe akichomoa biki, kalamu yake pekee, akiichomeka kimya katika mfuko wa shati la Fabien. Kisha mzee akausukuma ule mfuko wa safari chini ya benchi. "Ubwari haihami. We nenda kwa egzame."

Fabien akasimama. "Mama, na kwa kuongeza? Nyumbani iko wapi?"

"Sufuri. Muntu akiongezewa sufuri, anabaki vile alivyo. Kwa hiyo hata bakikupa sufuri leo, mwanangu, kesho uje kunitembelea tena."