Malkia na Masizi ya Sufuria

Jumatatu, 4 Machi
Sina raha. Alhamisi Daktari anawapa panya wa maabara virusi vya mafua. Panya weupe, ninaowatunza mimi, wakivipata hawaamki tena. Weusi, wa mwenzangu Mjuaji, hupiga chafya na kurudi kula. Mjuaji anasema siri ni malezi: yeye huwapigia mluzi. Anajipiga kifua mpaka nakereka! Na kati ya weupe yumo Malkia, ambaye huja mbio akisikia hatua zangu. Hata mke wangu hanikimbilii hivyo.

Jumanne, 5 Machi
Nimewapigia weupe mluzi asubuhi nzima. Wamejificha. Malkia peke yake amenivumilia. Basi, kama malezi bora yako kwa Mjuaji, Malkia atahamia kwa Mjuaji. Tatizo ni rangi. Jioni nikakwangua masizi ya sufuria, nikachanganya na mafuta ya kupikia. Mke wangu kaikuta sufuria inang'aa, kaniombea dua. Sikumkatiza.

Jumatano, 6 Machi
Malkia mweusi tii! Nimemtia kwenye kizimba cha weusi Mjuaji alipokwenda kunywa chai. Aliporudi akasema, kwa madaha, kwamba panya wake wanazidi kunawiri. Nikauma midomo nisicheke.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Daktari kamshika Malkia, glavu zikawa nyeusi. Mjuaji kaninyooshea kidole hata sijaulizwa. Nikakiri yote, machozi yakinilengalenga. Daktari akaniambia niketi. Akasema weusi hawaokolewi na malezi wala mluzi (Mjuaji akatazama sakafu). Kinga yao wameirithi kutoka kwa wazazi wao. Malkia hakuirithi, hata angelala kwa weusi mwaka mzima. Kisha akasema anatafuta jike mweupe wa kuzaa na dume mweusi, aone watoto watarithi nini. Panya wa kuzalisha hapewi virusi. Ningemwomba tu, angemchagua Malkia tangu Jumatatu. Tangu Jumatatu! Nimeahidi: hila basi, nitauliza.

Jumatatu, 1 Aprili
Malkia amejifungua! Kizimba kimejaa vitoto. Nimelia mbele ya Mjuaji, na sijali. Daktari anasema wakikua watapewa virusi, ijulikane kama wamerithi kinga. Nilitaka kumwuliza kama hakuna njia nyingine. Lakini alikuwa na shughuli nyingi, na mimi kanuni ninaijua tayari: wa kuzalisha hapewi virusi.

Nimeanza kuwatafutia wachumba.